Daktari Huyu Asiachwe

Mwalimu wangu, Dokta Subiri,

Shikamoo. Najua huko uliko kuitikia kuna taabu yake, lakini siwezi kuanza kuandika kabla sijakuamkia. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha hivyo, tena kwa kunitia aibu mbele ya wodi nzima. Basi shikamoo nimeiweka hapo juu, iitikie ukipata nafasi.

Nakuandikia Jumamosi asubuhi nikiwa uwani kwangu hapa Mikumi. Nguo nimeshafua na kuanika, chai ya tangawizi iko pembeni, malori yanapita barabara kuu kwa kelele zake zilezile ulizokuwa unazilaani. Nina furaha, Mwalimu. Naona nikwambie mapema, usije ukadhani barua ya kumwandikia marehemu ni lazima ianze na kilio. Kilio tulishalia siku ile tulipokupandisha kijijini kwako Vidunda kwenye tope la masika, watu wakipokezana jeneza kila kona na mchungaji amevua viatu kavishika mkononi. Imepita masika nyingine tangu siku hiyo. Leo nina habari, na mtu anayeweza kuipokea ninavyotaka ipokewe ni wewe tu.

Jana nimemwachia mtu kazi. Ndiyo habari yenyewe. Najua hapo umeshainua nyusi, kwa hiyo nianzie mbali kidogo.

Kile kitabu cha kuhesabu kimekufa. Kile tulichokuwa tukijaza sisi madaktari tarajali: umezalisha wangapi, umeshona vidonda vingapi, umesimama kwenye upasuaji mara ngapi. Ukifikisha idadi unasainiwa, unakwenda zako. Ulikuwa unakishika kwa vidole viwili na kusema, "Hiki kinaniambia ulikuwepo. Hakiniambii umeweza." Sasa wenzetu wa vyuoni, hapa na huko ng'ambo, wamekuja hukohuko ulikokuwa umesimama. Wanaita mafunzo yanayozingatia umahiri. Watafiti wa chuo kikuu wametuletea majaribio yake hospitalini kwetu, wamekuja na vishikwambi na makaratasi ya ridhaa, na mimi nimeingizwa kwenye timu kwa sababu nina mdomo.

Ungefurahi kutusikia tukibishana. Wapo wanaotaka kila kitendo kikatwe vipande vidogo vidogo na kila kipande kiwekewe alama ya vema. Wapo wanaosema mtu anaweza kupata vema zote na bado usithubutu kumlaza mama yako mikononi mwake. Wanasema mtihani mmoja wa siku moja hauonyeshi kitu. Bora kumwangalia mtu mara nyingi, kidogo kidogo, akiwa kazini, na waangaliaji wasiwe madaktari tu. Manesi waulizwe, wahudumu waulizwe, na mgonjwa mwenyewe aulizwe. Halafu mtu aambiwe papo hapo amekosea wapi, kwa maneno, badala ya kupewa namba baada ya miezi sita. Wamegundua na jambo ambalo wewe ulilisema zamani, kwamba sisi wasimamizi tuna huruma ya karatasi. Mdomoni tunafoka, kwenye fomu tunaandika vizuri sana, kisa hatutaki ugomvi.

Muda wote walipokuwa wakieleza, mimi nilikuwa nawaza daftari lako. Mama Eliza alinipa nilipokwenda kumsalimia baada ya arobaini, akasema mume wake asingetaka likafungiwe vitumbua. Nililipeleka kikaoni. Majina yetu yote yamo, na mbele ya kila jina tarehe, kazi aliyofanya mtu, sentensi moja, na neno moja kati ya matatu: mbichi, anaiva, ameiva. Dada anayeongoza utafiti alilisoma mpaka chai yake ikapoa. Akauliza, "Huyu mzee alisomea wapi mambo haya?" Nikamjibu, Vidunda. Akaiandika.

Akafika kwenye ukurasa wangu. Wiki ya kwanza kabisa: "Rehema. Kifua cha bibi wa Malolo. Ugonjwa kauona, mtu hajamwona. Mbichi." Ikabidi nieleze. Mwalimu, mpaka leo nikieleza masikio yananiwaka. Yule bibi aliniona na koti langu jeupe jipya, akajiinua kwenye benchi kwa shida, akasema, "Shikamoo, dokta." Na mimi, mtoto wa juzi, nikajibu, "Marahaba, bibi." Tena kwa sauti. Nikaendelea kumpima kifua nikiwa nimenyoosha shingo. Wewe ulikuwa nyuma yangu. Hukufoka. Ulisema tu, "Subiri. Rudi mlangoni, uingie upya."

Nikarudi mlangoni, wagonjwa wote wakiniangalia. Nikaingia, nikapiga goti, nikasema, "Shikamoo, bibi." Akacheka mpaka akakohoa. "Marahaba, mwanangu. Sasa kaa nikwambie kweli." Kumbe kikohozi hakikuwa cha siku saba kama nilivyokuwa nimeshaandika. Kilikuwa cha tangu mpunga ulipopandwa, na usiku alikuwa akilowa jasho, na alikuwa ameona aibu kumwambia mtu mkubwa aliyeitikia shikamoo yake. Tukampima kifua kikuu, akapata dawa, akapona. Wale watafiti hawakucheka niliposimulia. Mmoja alisema hicho ndicho kitu ambacho fomu zao zote zinashindwa kukikamata.

Sasa sikia kichekesho chenyewe, na mkosaji ni mimi.

Fomu mpya ina ngazi nne. Ya kwanza, daktari aangalie tu. Ya pili, afanye huku msimamizi amesimama naye. Ya tatu, afanye msimamizi akiwa jirani. Ya nne ndiyo ya mwisho, ile ambayo wewe ungeandika "ameiva". Fomu ilikuja kwa Kiingereza na mimi nikapewa niitafsiri kwa Kiswahili, ili wahudumu na wagonjwa nao waitumie. Ngazi ya nne nikaandika: "Daktari huyu anaweza kuachwa peke yake." Nikaona nimemaliza kazi, nikaenda zangu kula.

Mama Zuhura, mhudumu wetu wa wodi ya wanawake, ndiye aliyepewa kishikwambi awasomee wagonjwa. Daktari aliyekuwa anatathminiwa ni Nuru. Wewe humjui Nuru, alikuja baada yako. Ni binti wa Kilosa mjini, mfupi, ana sauti ndogo mpaka wagonjwa wanamwinamia kumsikia. Mama Zuhura akamfuata bibi mmoja wa Zombo ambaye Nuru alikuwa amemhudumia kidonda cha mguu, akamsomea, "Je, kwa maoni yako, daktari huyu anaweza kuachwa peke yake?" Bibi akamshika mkono, sura imemharibika kwa huruma. "Asiachwe, mwanangu. Binti mpole, ana adabu, kakosa nini? Kama kuna neno, wazee wakae walimalize." Halafu akataka aambiwe huyo mume ni nani.

Mama Zuhura aliegemea ukuta kwa kicheko. Nuru, ambaye hata mchumba hana, alikimbilia chumba cha dawa. Lakini kishikwambi hakijui kucheka, kiliandika "Hapana". Na si bibi huyo tu. Karibu kila bibi aliyeulizwa alikataa katakata Nuru kuachwa. Wiki nzima watafiti wakawa wanakuna vichwa, wanashangaa kwa nini wanawake wazee hawamwamini daktari ambaye manesi wote wanamsifu. Walitaka kuunda kikao maalumu. Ndipo Mama Zuhura, alipopata habari, akanifuata, mikono kiunoni. "Dokta, hii ya kwako ni Kiswahili cha wapi? Anayeachwa ni mke. Mtu wa kazi anaachiwa kazi."

Basi. Herufi moja tu, Mwalimu. Nikafuta, nikaandika "anaweza kuachiwa kazi". Bibi wa Zombo akaulizwa tena. Akasema, "Huyo? Hata mjukuu wangu namwachia." Na Mama Zuhura sasa jina lake limeandikwa kwenye orodha ya waliotafsiri fomu. Amelipiga picha, kila anayefika wodini anaonyeshwa.

Nilicheka kama wengine. Lakini nilipofika nyumbani neno hilo halikunitoka. Nikajiuliza, Rehema, wewe ulipoondokewa na Dokta Subiri, uliachwa au uliachiwa? Kwa sababu uliondoka vibaya, ukubali usikubali. Jumatatu homa, Jumamosi kaburini. Hukusema neno. Kesho yake mimi ndiye nikawa msimamizi, nimekaa kwenye kiti chako ambacho mguu mmoja ni mfupi. Kila siku nilikuwa nasubiri unisahihishe.

Na sasa ikaja zamu ya Nuru. Kamati ilikaa, ikapitia mambo yote: waliyoandika manesi, waliyosema wagonjwa, ambayo mimi mwenyewe nimeyaandika kwa mkono wangu. Wote wakasema upasuaji wa kuzalisha afanye mwenyewe, ngazi ya nne. Ilibaki saini yangu. Bila saini hiyo Nuru angerudia miezi ya wodi ya wazazi wakati wenzake wanapangiwa vituo. Nikaikunja ile fomu nikaitia mfukoni mwa koti. Ikakaa humo wiki tatu.

Nilikuwa najiambia ni uangalifu. Uongo. Nilikuwa naogopa. Niliogopa akosee siku ambayo sipo, watu waseme ni mimi niliyesema ameiva. Nuru hakuniuliza hata mara moja. Kila asubuhi, "Shikamoo, Dokta," halafu macho yanateremka mfukoni kwangu na kupanda tena. Mimi naitikia marahaba kwa aibu ileile niliyoipata kwa yule bibi wa Malolo.

Aliyenitoa hapo ni Sista Paulina. Unamjua, chumba cha upasuaji ni chake, sisi wengine ni wageni. Jumanne hii tukiwa tunakunywa chai akaniambia, "Nikwambie kitu, lakini usininunie." Akaniuliza kama naikumbuka siku yangu ya kwanza ya kupasua peke yangu. Nitaachaje kuikumbuka! Ulivaa kofia yako, ukapandisha suruali kwa kishikizo cha baiskeli, ukasema, "Rehema, leo nakwenda Zombo kuangalia mpunga. Kazi nakuachia." Nikakuona kwa macho yangu ukitoka getini. Nikampasua mama aliyekuwa mezani, mtoto akalia, nikatoka pale najiona sina mwenzangu Kilosa nzima.

Kumbe hukwenda, Mwalimu. Sista Paulina kaniambia yote. Ulizungukia upande wa jikoni, ukaingia stoo inayopakana na chumba cha upasuaji, ukakaa juu ya ndoo katikati ya mitungi ya oksijeni, kofia magotini. Ukasikiliza mpaka mtoto alipolia. Ndipo ukatoka kimyakimya, ukaenda Zombo. Ulimkataza asiniambie, naye amekaa na siri hiyo miaka yote.

Nilinuna. Siku mbili nzima nilikununia, na kumnunia marehemu ni kazi ngumu kwa sababu hajui. Nilipita mbele ya picha yako kwenye korido bila kuitazama. Siku niliyojivunia kuliko zote, kumbe nilikuwa nalindwa kama sufuria ya maziwa. Sasa uliniamini au hukuniamini? Hilo ndilo nililokuwa nataka kulijua, na wa kuniambia hayupo.

Sasa jana. Saa tatu asubuhi kaletwa mama wa Malolo, mimba ya pili, uchungu wa tangu alfajiri na mtoto hashuki. Ya kwanza alipasuliwa, kovu lipo. Nuru akampima, akaja kunieleza kwa kile kisauti chake: kitu gani kinaendelea, anataka kufanya nini, anaogopa nini. Alipofika kwenye "anaogopa nini" nilitoa ile fomu mfukoni. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo. Nikaiegemeza ukutani, nikasaini, nikampa. Nikasema, "Nuru, kazi nakuachia. Mimi nakwenda sokoni."

Aliisoma, akaikunja, akasema, "Sawa, Dokta," halafu akanigeuzia mgongo na kuanza kumwelekeza Sista Paulina kuhusu damu. Hata kuniaga hakuniaga.

Nikatoka getini. Na sitakuficha, miguu yenyewe ilizungukia upande wa jikoni. Nikafika stoo. Kufuli. Nikalivuta, nikalitikisa. Dirisha la chumba cha upasuaji likafunguka, Sista Paulina akachungulia, kofia ya upasuaji imeshamfunika nyusi, akasema bila haraka, "Nimeifunga tangu asubuhi. Nenda sokoni." Akafunga dirisha.

Nikaenda. Nilinunua nyanya ambazo sikuzihitaji. Nikanunua na vitunguu. Nikakaa kwa mama lishe pale karibu na kituo cha mabasi, nikaagiza chapati mbili na maharage, simu nimeiweka mbele ya sahani. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kukaa kwenye benchi. Kupasua najua mikono iko wapi. Pale sikuwa na pa kuiweka. Nilikuwa nahesabu kichwani, sasa amefungua, sasa amefika kwenye kovu, sasa atakuwa amekwama. Mara mbili nilisimama, mara mbili nikakaa. Mama lishe akadhani chapati ni mbaya.

Na hapohapo kwenye benchi nikakuelewa. Uliniamini. Hukukaa stoo kwa sababu ya mikono yangu. Ulikaa kwa sababu mwenyewe ulishindwa kuondoka. Kama ungekuwa hukuniamini, ungeingia. Mlango ulikuwa pale, hatua tatu. Nilipoteza muda kwenye kushona, bila shaka ulinisikia nikimwuliza Sista kitu cha kijinga, na bado ulibaki juu ya ndoo. Mwalimu wangu, samahani kwa zile siku mbili.

Simu ikatoa mlio. Ujumbe wa Nuru nimeuhifadhi, nakunakilia wote: "Dokta, mama mzima, mtoto wa kiume mzima, analia hadi anakera. Kovu lilikuwa limeshikana na kibofu, nikaenda taratibu. Damu niliiweka tayari, haikuhitajika. Sina swali, nilikuwa nakujulisha tu. Endelea na soko."

Endelea na soko! Nililia pale mbele za watu, Mwalimu, kicheko na machozi pamoja, maharage yanapoa. Mama lishe akaja na kitambaa chake cha mezani. "Dokta, kuna msiba?" Nikamwambia hapana, kuna mtoto kazaliwa. "Wako?" Nikafikiri kidogo, nikamwambia ndiyo, kwa mbali.

Niliporudi Nuru alikuwa ameketi kitandani kwa yule mama anamweleza jinsi ya kutunza mshono. Yule mama alikuwa anaitikia sawa, sawa, sawa kwa heshima, na Nuru hakukubali. Alimwambia, "Haya, mama, sasa nieleweshe mimi." Akasubiri mpaka mama akaeleza yote kwa maneno yake. Sijamfundisha hilo. Sijui kalitoa wapi. Nimeliandika kwenye daftari lako, kwa sababu kurasa bado zimebaki nyingi, na pembeni nimeandika lile neno la tatu.

Nakuaga sasa, jua limefika kwenye kiti changu. Nakuahidi fomu ya mtu haitalala tena mfukoni mwangu. Mwezi ujao tutapanda Vidunda, mimi na Nuru na Sista Paulina, tupalilie kaburi na kumpelekea Mama Eliza mchele. Na wewe, kama bado umekaa mahali umeshika kofia unatusikiliza, inuka, Mwalimu, nenda kaangalie mpunga wako. Mama mzima, mtoto mzima. Sina swali. Nilikuwa nakujulisha tu.

Wako uliyemwachia kazi,
Rehema